MGONGO NAO UNA MIZANI

Karani wa chai hupima majani kwa kilo, na kilo hizo huandikwa kitabuni. Mgongo wa mchumaji je? Mama yangu akirudi kutoka shambani hushika kiuno kwanza, ndipo aulize kama tumekula. Daktari akimwuliza anaumwa kiasi gani, hujibu tu, "Sana." Sasa hiyo "sana" ni ngapi?

Kumbe kuna utepe unaoweza kuhesabu. Ukitaka kuuelewa, kolezea mstari mnene wa penseli kwenye karatasi, kisha upime ukinzani wake kwa mita ya maabara. Ikunje karatasi kidogo, mstari ukiwa upande wa nje. Namba inapanda! Chembe za kaboni zimeachana, na stima inapita kwa taabu. Ukiinyoosha karatasi, zinakaribiana tena.

Lakini karatasi haivutiki kama ngozi, na waya wa madini pia hauvutiki hivyo. Ndiyo maana mwaka 2014 watafiti wa Dublin na Surrey walichukua mipira ya kawaida, ile ya kufungia vitu, wakaipenyeza grafini, yaani kaboni nyembamba mno. Wakaifunga mwilini ikasoma mwendo wa viungo, kupumua, hata mpigo wa damu. Mpira wa kufungia noti, jamani!

Basi utepe kama huo ukibandikwa kiunoni, kila mtu akiinama ngozi inavutika, ukinzani unapanda, na kompyuta ndogo inaandika moja. Ila usidhani mambo ni rahisi. Jasho huubandua. Tena mpira huchoka: ukivutwa mara maelfu haurudi sawasawa ulivyokuwa, na namba zinaanza kudanganya. Mvua yetu ya Sotik sitaitaja.

Hata hivyo namba hizo zina uzito. Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh, kule Scotland, iliruhusu wachumaji chai wa Kericho kuleta kesi ya pamoja kuhusu maumivu ya mgongo. Katika kesi kama hiyo hoja ni ile ile: mtu ameinama mara ngapi, amebeba nini, kwa miaka mingapi? Utepe haupimi uchungu wenyewe, lakini kuinama unaweza kukuhesabu.

Nilimweleza mama haya yote jikoni. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hizo namba atazisoma nani, mimi au msimamizi?"