Miwani Isiposaidia: Lenzi Anazoagiza Daktari wa Macho

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Mpenzi msikilizaji, uwe kambini Kinama huko Muyinga au mjini Gitega, karibu. Leo tunazungumzia macho.

Huenda una kijana wa miaka 14. Macho humwasha, anayasugua kutwa nzima. Ubaoni herufi moja anaiona kama mbili. Amebadilishiwa miwani, bado haoni vizuri, na sasa watu wanasema ni mvivu wa kusoma. Mzazi, usikubali haraka.

Mbele ya jicho kuna sehemu inayopitisha mwanga kama kioo. Inaitwa konea. Kwa watu wengine, hasa kuanzia ujana, konea huwa nyembamba na kuchongoka. Ugonjwa huo ni keratokonasi, na kusugua macho huuzidisha. Konea iliyochongoka hutawanya mwanga, ndiyo maana miwani inaweza isitoshe.

Hapo daktari wa macho anaweza kuagiza lenzi ngumu, ndogo, inayokaa juu ya jicho lenyewe. Machozi hujaza nafasi kati ya lenzi na konea, na mwanga huingia vizuri. Lenzi haiponyi ugonjwa, inasaidia kuona. Wazo hili si geni: daktari Adolf Eugen Fick alilieleza mwaka 1888.

Ukipewa lenzi, shika haya:

– Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kuigusa.
– Usiioshe kwa maji, hata yaliyochemshwa, wala kwa mate. Vijidudu vinaweza kukupofusha. Tumia dawa yake tu.
– Usilale nayo, isipokuwa daktari amekuruhusu.
– Usimwazime mtu, wala usinunue ya sokoni.
– Dawa ya kuoshea ikiisha, usiivae. Rudia miwani mpaka upate nyingine.
– Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiogopa mwanga, itoe na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa hiyo leo, mzibe kijana wako jicho moja, kisha la pili, umuulize anaona nini. Kama kuna tofauti, mpeleke kituo cha afya cha kambi, eleza kwamba miwani haikusaidia, na uombe rufaa kwa daktari wa macho. Wakati mnasubiri, macho yakiwasha, awekewe kitambaa safi chenye ubaridi juu ya kope zilizofumbwa. Asisugue, na asitiwe dawa ya majani.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.

(Muziki unapanda.)