Karagwe: Uwanja upo, baiskeli zipo, bado filimbi tu

MTAJIE shabiki wa soka mkoa wa Kagera, atakukumbusha jioni moja: Mei 19, 2018, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Simba ni bingwa, haijafungwa mechi hata moja ya ligi msimu mzima, Rais John Magufuli yupo uwanjani kukabidhi kombe. Dakika za mwisho Edward Christopher wa Kagera Sugar akaweka mpira kambani. 1-0. Kombe lilikabidhiwa, lakini Wekundu wa Msimbazi walilipokea wakiwa na kidonda.

Msimu wa 2024/25 ulipomalizika, Kagera Sugar hiyo hiyo ilishuka daraja. Bukoba ikabaki na Kaitaba yake na stori za zamani.

Sasa toka Bukoba, iache njia ya Mutukula pale Kyaka, panda kwenda Karagwe. Lami inakufikisha Bugene na Kayanga bila shida. Ukishaiacha, ukashika njia za kata kama Nyakasimbi au ukaendelea hadi Kyerwa, unaingia kwenye changarawe na udongo mwekundu, migomba kulia, kahawa kushoto, mlima mbele. Magari ni ya kuhesabu. Kwa dereva hiyo ni adha. Kwa mchezo mmoja unaokua kwa kasi duniani, huo ndio uwanja wenyewe.

Mchezo gani huo?

Ni mbio za baiskeli za changarawe. Siyo zile za lami ambazo watu huziona kwenye Tour de France, wala siyo za kuruka mawe na magogo porini. Baiskeli yake ina usukani uliopinda kama ya lami, lakini tairi ni pana, milimita 40 na zaidi, breki ni za diski, na gia ni nyepesi za kupandia vilima. Njia zake ni za vumbi, za msituni, za kando ya maziwa na mabonde ya mito, mbali na malori na mabasi.

Utaratibu wake shabiki wa soka ataupenda. Bingwa wa dunia na fundi seremala wanasimama kwenye mstari mmoja wa kuanzia, yaani ni kama Kombe la Shirikisho, ambako timu ya mkoani inaweza kupangwa na Yanga. Na kwenye mbio nyingi, ukipata pancha katikati ya pori, hakuna gari la timu litakalokuletea tairi. Unashuka, unaziba mwenyewe, unaendelea.

Marekani walianza zamani kidogo. Mwaka 2006, katika mji mdogo wa Emporia, jimbo la Kansas, walijitokeza waendeshaji 34 kwa mbio za maili 200, karibu kilomita 320, kwenye njia za mawe zinazopita malishoni. Leo mbio hizo zinaitwa Unbound, na kila mwaka maelfu ya watu humiminika kwenye mji wenye wakazi wapatao 24,000. Nyumba za wageni zinajaa, mama lishe wa kule wanauza. Mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) likaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu huko Veneto, Italia, na Mbelgiji Gianni Vermeersch akatwaa ubingwa. Miaka miwili baadaye jezi hiyo ilivaliwa na Mathieu van der Poel, mmoja wa vigogo wa lami. Ukiona kigogo anaacha lami na kufuata vumbi, ujue kuna kitu.

Karagwe ina nini?

Kwanza, ina mwinuko. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo Karagwe ni ya kupanda. Hewa ya juu ndiyo inayowajenga wakimbiaji wa Kenya kule Iten, na mapafu ya mwendesha baiskeli hayana tofauti.

Pili, ina mandhari ambayo waandaaji wa mbio Ulaya huyatafuta kwa tochi. Kuna Ziwa Rwakajunju na Ziwa Burigi. Kuna Mto Kagera, unaotenganisha Tanzania na Rwanda kabla haujageuka kwenda Ziwa Victoria. Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, alikuta ziwa dogo lililomkumbusha kwao, akalibatiza Windermere, jina la ziwa maarufu la Uingereza. Wenyeji walikuwa na jina lao tayari, lakini hilo ni suala jingine.

Tatu, kuna misitu na wanyama. Mwaka 2019 mapori ya eneo hilo yalipandishwa hadhi: zikazaliwa Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe, Ibanda-Kyerwa na Burigi-Chato. Hapa lazima isemwe wazi: hifadhi siyo uwanja wa kuingia ukijisikia. Ni mali ya umma iliyo chini ya TANAPA, kuna tozo na taratibu, na nyati hajui kanuni za UCI. Mwandaaji makini ataanza na njia za vijijini, ambazo zinatosha na kubaki.

Miguu ipo, mbio bado

Wengi wakisikia habari hii husema haraka: vijana wa kule wanabeba ndizi kwa baiskeli tangu utotoni, wape tu baiskeli nzuri watashinda. Pole pole. Mtazame kijana mwenye mikungu minne kwenye keria ya baiskeli isiyo na gia. Mlimani haendeshi, anasukuma, bega moja kwenye mzigo na mkono mmoja kwenye usukani. Kwenye mteremko anazuia mzigo usimburuze. Nguvu anayo, uvumilivu anao, pancha anaziba kwa kiraka na solusheni akiwa anapiga stori. Ila hajawahi kuendesha saa tano mfululizo kwa kasi, hajui kukaa nyuma ya mwenzake kukwepa upepo, wala hajui ale nini na saa ngapi akiwa njiani. Hayo yanafundishwa, kama beki anavyofundishwa kuweka mtego wa kuotea. Hakuna anayezaliwa nayo.

Majirani wameshaelewa. Mwaka 2021 Kenya ilipokea Migration Gravel Race, mbio za siku nne na karibu kilomita 650 katika ukanda wa Maasai Mara. Sababu yake ilikuwa rahisi: mwendesha baiskeli wa Afrika Mashariki anahangaika kupata viza na nauli ya kwenda kushindana na wakubwa, basi wakubwa waje huku. Rwanda nao wana Race Around Rwanda, iliyoanza mwaka 2020, karibu kilomita 1,000, lami na vumbi pamoja. Na Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za vilima. Tadej Pogačar alishinda, na kati ya waendeshaji zaidi ya 160 walioanza, 30 tu ndio walimaliza.

Vilima hivyo viko ng'ambo tu ya mto. Mtoto wa Kyerwa anayechungulia Rwanda anaona milima inayofanana na ya kwao.

Vumbi nalo linaua

Mchezo huu una bei yake, na Afrika Mashariki iliilipa mapema. Suleiman Kangangi wa Kenya, aliyeshika nafasi ya tatu kwenye Tour du Rwanda ya mwaka 2017, alikuwa nahodha wa Team Amani, timu ya vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda. Agosti 27, 2022, alianguka kwenye mbio za changarawe za Vermont Overland, Marekani, na kufariki dunia. Alikuwa na miaka 33. Siku hiyo hiyo mwenzake wa timu, John Kariuki, ndiye aliyeshinda mbio hizo.

Kwa hiyo njia isiyo na magari siyo njia isiyo na hatari. Mteremko wa changarawe hausamehe. Karagwe kuna bodaboda wanaokata kona bila honi, kuna ng'ombe wenye pembe ndefu wanaovuka bila haraka. Mbio bila kofia ngumu, bila gari la wagonjwa na bila watu wa kusimamia njia panda zitaleta msiba.

Nani apulize filimbi?

Kanda ya Ziwa siyo mgeni wa baiskeli. Mwanza na Shinyanga zimeshindana miaka mingi, na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA) kipo. Kinachokosekana magharibi ya Kagera ni tarehe kwenye kalenda. Msimu upo: Juni hadi Agosti mvua hupungua na njia hukauka, kabla vuli haijageuza udongo kuwa sabuni. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinajua barabara zao, na TARURA ndiyo inayozihudumia.

Wala haihitaji kuanza na Wazungu wala baiskeli za mamilioni. Kilomita 40 zinatosha, kundi moja la baiskeli zenye gia na jingine la zile za kubebea ndizi, keria zikiwa tupu. Zawadi iwe baiskeli, ili mshindi apate kitu cha kufanyia mazoezi mwaka mzima.

Na lami haisubiri. Kila mwaka inasogea, na wananchi wanaihitaji kweli, kwa mgonjwa, kwa kahawa na kwa ndizi. Njia kuu zikishapata lami na malori yakaongezeka, uwanja huu utapungua.

Emporia walianza 34. Idadi hiyo ya baiskeli Nyakasimbi unaipata kabla chai ya asubuhi haijapoa.