Kwa Nini Unaipenda Rangi Hiyo?

Msomaji wetu wa Tanga ameuliza kama ni kweli kwamba mtu anayependa nyeusi ana huzuni moyoni. Wifi yake alimtumia kwenye WhatsApp lile jaribio linalozunguka kila baada ya muda: chagua rangi moja, usomewe tabia yako. Alichagua nyeusi, akaambiwa kuwa ni msiri, ana majonzi na hapendi kushindwa. Maneno hayo yamemkaa, anasema, kwa kuwa mawili kati ya matatu anayaona ni ya kweli.

Hilo la kuyaona ya kweli tulimalize haraka. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, alichapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia wanafunzi wake 39. Kila mmoja alipewa maelezo ya tabia yake, akayapima usahihi wake kwa alama kuanzia sifuri hadi tano. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa maneno yale yale, aliyoyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Ukimwambia mtu yeyote kuwa ni msiri, atakumbuka siri moja. Kabla ya Forer, mwaka 1947, Max Lüscher wa Uswisi alikuwa ametoa jaribio lake maarufu la kadi za rangi, ambalo limewahi kutumika hata kuchagulia wafanyakazi. Watafiti wengine walipolilinganisha na vipimo vya tabia vinavyoaminika, halikuelewana navyo. Tusonge mbele, maana kuna jambo tamu zaidi.

Mwaka 2010, Stephen Palmer na Karen Schloss wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliuliza swali ambalo wapiga ramli wa rangi hawaliulizi: kupenda rangi kunatoka wapi? Walichukua rangi 32. Watu 48 wakasema wanaipenda kila moja kiasi gani. Kundi jingine likaonyeshwa rangi hizo na kutaja vitu vyote vyenye rangi hiyo vinavyokuja akilini. Kundi la tatu likapewa majina ya vitu hivyo tu, bila rangi, liseme kila kimoja kinapendeza au kinachukiza. La nne likapima jinsi rangi ya kila kitu inavyokaribiana na rangi iliyokitajisha. Kisha zikapigwa hesabu. Mapenzi ya watu kwa vitu yalieleza asilimia 80 ya tofauti za mapenzi yao kwa rangi. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na bado inanifurahisha. Buluu ilipendwa, na vitu vyake ni anga lililotakata na maji safi. Iliyochukiwa ni ile manjano iliyoingia weusi na ukijani, rangi ya matapishi na ya nepi ya mtoto anayeharisha.

Chukua mfano wa daftari la mangi wa dukani. Kila rangi ina ukurasa wake kichwani mwako, kama kila mteja alivyo na wake. Kwenye ukurasa wa nyekundu, upande wa mapato zimeandikwa nyanya zilizopangwa mafungu sokoni asubuhi, pamoja na mkaja wa kisutu ambao ulimwona bibi amejifunga siku ya harusi. Upande wa madeni kuna damu ya kidonda na kalamu ya mwalimu wa hesabu. Hakuna aliyekutuma uandike. Jicho linaona, moyo unaonja, mstari unaingia. Mistari mingine ni ya senti, mingine ni ya mamilioni. Na kama mangi mwenye wateja wengi, ukiulizwa ghafla kuhusu nyekundu, husomi mstari kwa mstari. Unajua tu kwamba huyu ananidai au namdai. Salio hilo ndilo unaloliita rangi yako.

Ndiyo maana watu wawili wa nyumba moja wanaweza kugombana dukani mbele ya kopo la rangi. Rafiki yangu hataki kabisa kijani hafifu. Aliuguza mama yake katika wodi iliyopakwa rangi hiyo, rangi ya mafuta, nusu ukuta, imebanduka pale kichwa cha kitanda kilipokuwa kikigonga. Mumewe ni mtu wa Mbarali, na kwake kijani hafifu ni mpunga mchanga uliosimama majini. Rangi ni moja, masalio mawili.

Nadharia hii ya Palmer na Schloss inahitaji jina la Kiswahili. “Mvuto” nimelikataa, linanuka sumaku. “Urithi” ni mali ya wanajenetiki. Napendekeza ukolezo: nguo hukolea rangi, mchuzi hukolea chumvi, mapenzi hukolea, na rangi hukolezwa na vitu vinavyoivaa. Wahariri wa kamusi walitazame.

Uzuri ni kwamba ukolezo unaweza kujaribiwa. Timu hiyo hiyo iliwaonyesha watu picha. Kundi moja liliona vitu vyekundu vya kupendeza, kama matunda yaliyoiva, pamoja na vitu vya kijani vya kuchukiza, kama ukungu. Kundi la pili liliona kinyume chake, vidonda vyekundu na miti ya kijani. Walipopimwa tena, mapenzi yao ya rangi yalikuwa yamesogea kufuata picha. Wakaenda pia kwa wanafunzi wa Berkeley, ambao rangi za chuo chao ni buluu na dhahabu, na kwa mahasimu wao wa Stanford wenye nyekundu. Kadiri mwanafunzi alivyokipenda chuo chake, ndivyo alivyozipenda rangi zake. Aliyewahi kumpelekea shabiki wa Yanga zawadi ya fulana nyekundu hahitaji kusomewa utafiti huo.

Wengi waliopimwa ni watu wa nchi za Magharibi. Wahimba wa Namibia, kwa mfano, hawakuonyesha ule upendeleo wa buluu.

Sasa huzuni. Mwaka 2010 watafiti wa Manchester, Uingereza, waliwapa watu wazima wa afya na wagonjwa wa sonona na wasiwasi gurudumu la rangi. Walipoulizwa rangi waipendayo, makundi yote yalielekea buluu. Walipoulizwa rangi ya hali yao ya moyo, wenye afya waligusa manjano, wagonjwa wakagusa kijivu. Hayo ni maswali mawili tofauti, na jaribio la WhatsApp linayachanganya. Mwaka huo huo, watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walipima umeme wa retina za wagonjwa 40 wa sonona na watu 40 wasio nayo. Macho ya wagonjwa yaliitikia kwa udhaifu zaidi tofauti ya weusi na weupe. Huko ni kuona, si kupenda.

Kwa hiyo, dada wa Tanga, nyeusi yako inaeleza ulikopita na ulivyovipenda. Haimpi mtu cheti cha kukusoma moyo, na mwajiri anayechuja watu kwa kadi za rangi anawadhulumu. Ukiwa na hofu juu ya ndugu yako, usiangalie shati alilovaa. Muulize analalaje, anakulaje, na kama bado kuna kitu kinachomfurahisha. Majibu yakiwa mabaya kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke hospitali.