Nilidhani Sigara Inanituliza, Kumbe!

Saa kumi na moja alfajiri, nimesimama uani kwenye nyumba yetu ya kupanga pale Sinza, nimejifunga taulo, natafuta kiberiti kama mtu aliyepoteza pasipoti. Mke wangu akatoka. Hakugomba. Akauliza tu, "Mume wangu, hivi unaogopa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilianza fegi nikiwa chuo, naenda dukani kwa Mangi nanunua moja moja. Miaka tisa baadaye nilikuwa namaliza pakiti kwa siku, na mwaka huo usingizi ulinikimbia, chakula hakina ladha, kazini nakodolea kompyuta bila kuandika neno. Washkaji wakasema, "Ni stresi tu, vuta upoe." Nami nikavuta. Nyumbani tukawa tunaongea kuhusu kodi na luku, basi.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Akaniambia nina sonona. Hilo nilishalihisi. Swali lake lililofuata ndilo lililonishtua: "Ukiamka, sigara ya kwanza unavuta baada ya muda gani?" Nikacheka kwa aibu. Kabla ya mswaki, dokta.

Akanieleza taratibu. Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde zisizozidi 20 hivi, inafungulia dopamini, unajisikia freshi. Lakini ndani ya saa mbili karibu nusu yake imeshatoka kwenye damu, na mwili unaanza kudai: wasiwasi, hasira, moyo mzito, akili haitulii. Yaani ile tunayoita arosto. Ukivuta tena inakatika, unadhani sigara imekutoa mawazo. Jamani! Nilikuwa nalipa deni ambalo sigara yenyewe ndiyo imelikopa kwa jina langu.

Nikamwuliza, si nikiacha sonona itazidi? Akasema wengi huogopa hivyo, tena hata baadhi ya madaktari. Lakini uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulionyesha kwamba walioacha walipungukiwa na wasiwasi na sonona kuliko walioendelea kuvuta, wakiwemo wenye matatizo ya akili. Ila akanionya: usiache kimyakimya kama unameza dawa za akili. Moshi wa sigara hufanya mwili umalize haraka baadhi ya dawa hizo, kama klozapini, kwa hiyo ukiacha ghafla dawa inaweza kukuzidi.

Siku tatu za mwanzo, msomaji wangu, usiombe. Siku ya tatu nilimfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi. Chumvi! Akaweka mwiko chini, akasema, "Huyo si wewe, hiyo ni arosto. Nitarudi ikiondoka." Akaenda kwa dada yake. Usiku huo nilivuta mbili. Kesho yake nikampigia nikamwambia ukweli, tukaanza kuhesabu upya.

Sasa ni wiki ya kumi na moja. Dawa za sonona bado naendelea nazo, maana sigara haikuwa chanzo cha yote. Juzi nikaamka tena saa kumi na moja, nikatoka uani. Mke wangu akanifuata.

"Unatafuta kiberiti?"

"Natafuta chai."

Akaenda kuwasha jiko. Kiberiti ikabidi tukaazime kwa jirani.