Msako wa usiku: nani anakamatwa, na kwa kosa gani?

Je, difenda ya polisi ikisimama nje ya disko usiku, wewe unashangilia au unatimua mbio?

Pwani yetu ya Tanga ina raha zake za usiku. Raskazone watu wanapunga upepo, Ngamiani biashara ya chipsi imechangamka, wikiendi muziki mpaka majogoo. Msako ukipita, asubuhi kijiweni utasikia mambo mawili. Wengine: "Safi sana, wamezidi!" Wengine: "Wanaonea watu tu!"

Malumbano hayo si ya Tanga peke yake. Juni 2024, wilayani Ubungo, Dar es Salaam, wanawake walikamatwa kwenye msako wakituhumiwa kuuza miili. Wapo waliopongeza. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yalipinga, yakisema utu wa wanawake wale haukuheshimiwa.

Nani yuko sahihi? Tusikimbilie kujibu. Kwanza tuielewe sheria.

Uzururaji ni kosa gani?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ilianza kutumika mwaka 1945, enzi za mkoloni. Vifungu vyake vya uzururaji vina asili ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Vinamgusa hata mtu anayetiliwa shaka, asiye na njia inayoonekana ya kujipatia riziki na asiyeweza kujieleza vizuri.

Umeona tatizo? Mwizi anakamatwa kwa alichokiiba. "Mzururaji" anaweza kukamatwa kwa jinsi anavyoonekana tu: kijana asiye na kazi, binti aliyevaa kimini, mama lishe anayerudi nyumbani saa saba usiku.

Ndiyo maana mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilifuta kifungu kama hicho, baada ya mchuuzi wa mifuko ya plastiki kukamatwa alfajiri akielekea kwenye biashara yake. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Maoni hayo hayafuti sheria ya nchi yenyewe, lakini yana uzito.

Mbona gazeti la afya linaongelea polisi?

Kwa sababu woga unaua. Hebu fikiria haya:

• Msichana amebakwa njiani akitoka disko. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Akihofia kwamba ataulizwa "ulikuwa unatafuta nini usiku?", atakaa kimya mpaka muda upite.

• Mtu akiamini kwamba kondomu mfukoni ni ushahidi wa uhuni, ataiacha nyumbani. Hatari ya kuambukizwa itabaki palepale.

• Kijana anayejitibu uteja wa heroini anakunywa methadoni kliniki kila siku. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011. Akilala selo siku mbili bila dozi, arosto inamrudia, na hamu ya unga pia.

Kwa hiyo polisi wasifanye kazi?

La hasha! Wakazi wanaolalamikia kelele, vibaka na unga wana haki ya kulala salama. Watoto nao walindwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mwenye baa au klabu ya usiku kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia, au kumuuzia pombe. Angalia: hapo anayebanwa ni mwenye biashara. Msako unaowazoa mabinti na kumwacha mwenye baa umekosa shabaha. Wiki ijayo baa itajaa tena.

Ukikamatwa, jua haya

1. Usikimbie, usitukane, usipigane. Taja jina lako na mwambie polisi umri wako.
2. Uliza kwa heshima: "Afande, nakamatwa kwa kosa gani?" Ni haki yako kuambiwa.
3. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha.
4. Omba mzazi au mlezi apewe taarifa.
5. Kwa makosa madogo kama haya, dhamana ya polisi ipo, na haiuzwi. Ndani ya saa 24 unatakiwa upelekwe mahakamani au upewe dhamana.
6. Kama unatumia dawa za kila siku, sema mapema. Anayekuletea chakula aje nazo.
7. Hulazimishwi kupima VVU hivi hivi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza, isipokuwa katika hali chache ilizozitaja, kama amri ya mahakama.

Na wewe uliyebaki kijiweni? Kabla hujashangilia mtu akipandishwa karandinga, jiulize amefanya nini hasa. Mpaka mahakama iseme, yeye ni mtuhumiwa tu. Na akitoka, usimzomee. Huenda anayehitaji kusindikizwa hospitali ya Bombo kabla saa 72 hazijaisha ni yeye huyo, na wa kumsindikiza ni wewe.