Kemia ya Kishona Nguo (Bidens pilosa): Maana na Mipaka ya Vipimo vya Antioksidanti

Kishona nguo ni mmea wa mwituni unaojulikana zaidi kwa mbegu zake kuliko kwa maua yake. Mbegu hizo nyembamba na nyeusi, zenye miiba midogo kwenye ncha, hujishikiza kwenye nguo za mpita njia na manyoya ya wanyama, na kwa njia hiyo mmea husambaa. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliupa jina la Bidens pilosa; neno la kwanza kwa Kilatini lina maana ya meno mawili, na la pili lina maana ya kuwa na nywele. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini leo umeenea katika mashamba, kando za njia na viwanja vilivyoachwa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mkulima huung'oa kama gugu, ilhali majani yake machanga huchumwa kama mboga, na wapo wanaoyaponda ili kuyatia katika vidonda.

Mimea ya namna hii husifiwa mara kwa mara kwamba ina antioksidanti nyingi, na kutokana na sifa hiyo huhitimishwa kwamba hutibu. Makala hii inaeleza kemia inayoipa sifa hiyo msingi, kisha inabainisha mahali ambapo msingi huo unaishia.

Kampaundi zilizobainishwa katika kishona nguo ni nyingi, lakini makundi matatu yanafaa kutajwa hapa. La kwanza ni flavonoidi, zikiwamo kwersetini, luteolini na okanini pamoja na glukosidi zake. La pili ni asidi za fenoli, hususan asidi ya klorojeni na jamaa zake. La tatu ni poliasetilini, kama vile fenilheptatriini, ambazo ni minyororo ya kaboni yenye vifungo vitatu-vitatu. Makundi mawili ya kwanza ndiyo yanayohusishwa zaidi na uwezo wa kuzuia oksidishaji. Poliasetilini zinajulikana zaidi kwa kudhuru vijidudu, hasa zinapopata mwanga wa urujuanimno.

Uwezo wa flavonoidi unatokana na umbo lake. Radikali huru ni chembe yenye elektroni isiyo na mwenzi, na kwa sababu hiyo hunyakua elektroni au atomi ya hidrojeni kutoka katika molekuli iliyo jirani. Ikiinyakua kutoka katika mafuta ya utando wa seli, huanzisha mfululizo wa uharibifu. Kwersetini na okanini zina vikundi vitano vya hidroksili kila moja, na viwili kati ya hivyo vimepakana katika pete moja. Kikundi kimoja kikitoa hidrojeni yake, elektroni inayobaki husambaa katika pete nzima, hivyo molekuli hutulia na mfululizo hukatika. Ndiyo maana hesabu ya hidroksili peke yake haitoshi. Mpangilio wake nao una uzito.

Kipimo kinachotumika sana katika maabara ni cha DPPH, kilichoelezwa na Marsden Blois mwaka 1958. DPPH ni radikali thabiti yenye rangi ya zambarau, inayofyonza mwanga wa nanomita 517. Kiziduo cha majani kinapochanganywa nayo, zambarau hufifia na kuelekea manjano, na spektrofotomita hupima kiasi cha kufifia huko. Matokeo huelezwa kwa kiwango cha kiziduo kinachoondoa nusu ya radikali. Kadiri kiwango hicho kinavyokuwa kidogo, ndivyo uwezo unavyokuwa mkubwa. Hata hivyo, tarakimu hiyo hubadilika kutegemea kiyeyushi kilichotumika, sehemu ya mmea, umri wa majani na namna yalivyokaushwa. Kiziduo cha methanoli hakiwezi kuwakilisha chai ya majani, kwa kuwa hakuna anayekunywa methanoli.

Tatizo kubwa zaidi ni kutoka mrija wa maabara hadi mwilini. Flavonoidi iliyoliwa hubadilishwa kikemia katika utumbo na ini, na kiasi kinachobaki katika damu kikiwa na umbo lake la asili ni kidogo. Kwa sababu kama hizo, mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa katika tovuti yake orodha ya viwango vya antioksidanti vya vyakula. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1994 unatoa onyo zito zaidi: miongoni mwa wanaume wavutaji sigara 29,133, waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Beta-karotini ni antioksidanti inayofahamika, na sifa hiyo haikuwakinga.

Kishona nguo kina hatari nyingine isiyoonekana katika kipimo cha DPPH. Mmea huu una uwezo mkubwa wa kufyonza kadimiamu kutoka katika udongo na kuilimbikiza katika majani na shina. Kadimiamu hudhuru figo, na kuchemsha majani hakuiharibu, kwa kuwa ni elementi. Majani yaliyochumwa karibu na dampo au kiwanda yanaweza kutoa matokeo mazuri ya antioksidanti huku yakiwa na metali hiyo.

Kwa hiyo, kauli inayoweza kutetewa ni hii: kishona nguo kina fenoli zenye uwezo uliothibitishwa wa kuondoa radikali katika maabara. Kauli kwamba kinatibu shinikizo la damu, kisukari au saratani kwa binadamu inahitaji ushahidi wa aina nyingine kabisa, yaani majaribio ya kitabibu yenye dozi inayojulikana. Mtafiti anayechapisha kiwango cha DPPH anapaswa kutaja kiyeyushi, mahali mmea ulipochumwa na kiasi cha metali nzito kilichomo. Mgonjwa anayesoma kiwango hicho naye hana sababu ya kuacha dawa alizoandikiwa hospitalini.