Zohali Ni Ipi Hasa?

Mpwa wangu wa darasa la saba alinijia jioni moja na daftari mkononi, uso umemvimba. Swali lilikuwa jepesi: taja sayari inayojulikana kwa pete zake kubwa. Ameandika Zohali. Kalamu nyekundu imekata, na pembeni imeandika Sarateni. "Mjomba, si wewe uliyeniambia Zohali?" Ni mimi, na sikuwa nimekosea. Mwalimu naye hakulitunga kosa lile, kalikuta kitabuni.

Sayari zinazoonekana kwa macho matupu, mbali na hii tuliyoikanyaga, ni tano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina yote hayo yametoka katika Kiarabu na yamo katika Kiswahili tangu zamani. Uranus haikutambuliwa kuwa sayari mpaka William Herschel alipoiona kwa darubini huko Uingereza mwaka 1781. Neptune ikaonekana Berlin mwaka 1846, Pluto mwaka 1930. Wazee wetu hawakuzipa majina kwa sababu hawakuzijua, kama ambavyo hakuna aliyezijua.

Waandishi wa vitabu vya shule wakajikuta wana sayari nyingi kuliko majina. Wangeweza kuyaacha ya kigeni yakae kama yalivyo. Baadhi yao waliona afadhali wachote katika ghala la majina ya kale ya anga, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Neptune ikapewa Kausi. Zohali ikavuliwa jina lake, likavishwa Uranus, na yenyewe ikaitwa Sarateni, nadhani kwa kuwa sauti yake inakaribiana na Saturn ya Kiingereza. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, ikaitwa Zebaki, na jina lake likapelekwa mwisho kabisa wa foleni, kwa Pluto.

Hiyo Zebaki ndiyo inayonichekesha. Zebaki ni ile metali ya majimaji wanayoitumia wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya kunasia dhahabu. Kwa Kiingereza metali hiyo na sayari vina jina moja, basi mfasiri akaishika metali. Hata hivyo jina limeshazoeleka, na mimi mwenyewe silipigi vita sana.

Kausi na Sarateni ni kosa la aina nyingine. Hayo ni majina ya buruji. Ukifuata njia ambayo Jua huonekana kuipita angani kwa mwaka mzima, utakuta makundi ya nyota yaliyopangana kandokando yake. Watu wa kale waliigawa njia hiyo mafungu 12, wakayaita Hamali, Thauri, Mizani na kadhalika. Sarateni ni kaa, na neno hilohilo ndilo lililotupa jina la ugonjwa wa saratani. Kausi ni upinde. Sayari hupita katika buruji hizo moja baada ya nyingine. Mshtarii hulizunguka Jua kwa karibu miaka 12, kwa hiyo kila buruji huipa kama mwaka mmoja. Zohali huchukua miaka 29 na nusu. Neptune, yenye miaka 165, ikiingia Kausi hukaa humo miaka 13 au 14, kisha huendelea na safari. Ikishatoka tuiiteje? Ni kama kuona basi limesimama Chalinze, ukalibatiza Chalinze.

Neno sayari lenyewe linabeba maana ya kwenda. Waarabu wa leo neno la shina hilohilo wanaliitia motokaa. Nyota za Kilimia utazikuta zimejikusanya vilevile kama babu yako alivyozikuta alipokuwa akisubiri msimu wa kulima. Zuhura huwezi kuiahidi mahali: miezi kadhaa iko magharibi baada ya magharibi, miezi mingine iko mashariki kabla ya alfajiri. Kuna njia ya haraka ya kuzitofautisha: nyota humetameta, sayari kwa kawaida hutulia. Nyota huwaka kwa nuru yake, sayari huangazwa na Jua.

Neno jingine linalowatesa wanafunzi ni kuzunguka, maana kitenzi kimoja kinabebeshwa miendo miwili. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, tukapata usiku na mchana. Papo hapo hulizunguka Jua katika obiti yake, tukapata mwaka. Asiyetenganisha hayo mawili hataielewa Zuhura, ambayo hulizunguka Jua kwa siku 225 lakini huhitaji siku 243 kujizungusha mara moja tu.

Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliitoa Pluto katika orodha ya sayari na kuiita sayari kibete. Kwetu hiyo ni nafasi nzuri: Utaridi irudi kwake karibu na Jua, Zohali irudishiwe pete zake, na Uranus na Neptune zibaki na majina yake, kama tulivyoyapokea maneno redio na kompyuta bila aibu.

Mpwa wangu ameshajipangia utaratibu wake. Siku hizi huandika Zohali, kisha Sarateni katika mabano, akamwachia mwalimu achague.